Taya hujengwa siku jino linapong'olewa

Ukitaka kujua nani ana mapengo ndani ya basi la Ngara, huku Kagera, subiri lisimame Nyakanazi, pale barabara za Kahama, Kigoma, Biharamulo na Rusumo zinapokutana. Wauza mahindi ya kuchoma wakishanyoosha masinia yao madirishani, abiria hujigawa wenyewe. Wapo wanaong'ata hindi moja kwa moja, na wapo wanaolipukuchua kwa kidole gumba, punje mbili tatu, kisha wakazisogeza kwa ulimi upande ambao magego bado yapo. Wa kundi hili la pili si wazee tu. Wamo madereva wa malori ya Rwanda na Burundi, wamo akina mama wa miaka thelathini na kitu, wamo hata vijana wa bodaboda.

Pengo kila mtu analiona. Kinachoendelea chini ya fizi hakionekani, na ndicho chenye madhara ya kudumu: mfupa uliokuwa umelishika jino unaanza kupungua. Mwaka 2003 watafiti wa Aarhus, Denmark, walichapisha vipimo vya wagonjwa 46 waliong'olewa magego, makubwa kwa madogo. Siku ya kung'olewa, ukingo wa taya mahali pale ulikuwa na upana wa wastani wa milimita 12. Baada ya miezi 12 zilibaki 5.9. Nusu ya upana ilikuwa imekwenda, na theluthi mbili za upotevu huo zilitokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo.

Tarakimu hizo zilibaki mikononi mwa wataalamu mpaka vipandikizi vya meno vilipoanza kutangazwa kwenye simu zetu. Sasa mtu wa Rulenge au Nyakahura anaweza kuona video ya kliniki ya Dar es Salaam, skrubu ndogo ikifungwa kwenye taya na jino jeupe likivikwa juu yake. Anauza ng'ombe, anapanda basi zaidi ya kilomita elfu moja, anaketi kwenye kiti, anapigwa picha. Kisha anaambiwa mfupa hautoshi, skrubu haina pa kukaa, na kwamba itabidi taya lijengwe kwanza.

Kulijenga kunawezekana, na makala haya yanaeleza namna linavyojengwa. Lakini matangazo hayasemi kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ingeweza kuepukwa, na kwamba mahali pa kuiepuka si Dar es Salaam. Ni chumba cha meno cha hospitali ya Murgwanza, Nyamiaga, Rulenge au Biharamulo, ama zahanati ya kijijini, siku ileile jino linapong'olewa.

Mfupa usio na kazi

Taya lina mifupa ya aina mbili kwa maana ya kazi. Ipo sehemu ya msingi, nene, inayobaki na mtu maisha yake yote. Juu yake upo ukingo unaoshika mizizi ya meno, na huo huota pamoja na meno na kuondoka pamoja nayo. Kila unapotafuna, jino husukuma mfupa kidogo, na msukumo huo ndio unaouambia mwili kwamba mfupa huu bado unahitajika. Jino likiondoka msukumo hukoma, na mwili huanza kuusaga mfupa taratibu na kupeleka madini yake kwingine.

Ukuta wa nje, ule unaogusana na shavu au mdomo, ndio unaotangulia kuondoka kwa sababu ni mwembamba. Kwenye meno ya mbele mara nyingi haufiki hata milimita 1. Ndiyo maana aliyepoteza meno ya mbele kwa muda mrefu huonekana mdomo umeingia ndani na kidevu kimechomoza, hata kama umri wake haujafika huko.

Meno ya bandia ya kuvua hayazuii jambo hili. Antje Tallgren, mtafiti aliyewafuatilia wavaaji wa meno hayo kwa miaka 25, aliandika mwaka 1972 kwamba mfupa uliendelea kupungua miaka yote hiyo, na kwamba taya la chini lilipoteza takriban mara nne ya lile la juu. Kila aliye na bibi anayelalamika kwamba meno yake ya bandia siku hizi yanacheza anajua ugonjwa huu bila kuambiwa jina lake. Meno yale hayajabadilika. Kilichobadilika ni mahali yanapokaa.

Taya la juu lina balaa lake. Juu ya magego kuna chumba cha hewa kilichopakana na pua. Gego likitoka, chumba hicho hushuka polepole na kujaza nafasi, kwa hiyo mfupa unaliwa kutoka chini na kutoka juu kwa wakati mmoja. Taya la chini nalo lina mshipa wa fahamu unaopita ndani yake ukielekea kwenye mdomo na kidevu. Mfupa ukishuka sana, mshipa huo unakuwa karibu na uso wa juu, na daktari anayechimba bila picha nzuri anaweza kumwachia mgonjwa ganzi ya mdomo isiyoisha.

Kutoka mguu wa sungura

Vipandikizi vyenyewe vilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, daktari wa Sweden, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa mguu wa sungura kwa kutumia kifaa cha madini ya titani. Utafiti ulipokwisha alitaka kukitoa kifaa chake, kikagoma. Mfupa ulikuwa umekishika kana kwamba ni sehemu yake. Mwaka 1965, huko Gothenburg, alimpandikizia meno mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki mwaka 2006 akiwa bado anatafunia vipandikizi vile.

Kipandikizi cha kawaida kina unene wa milimita 4 hivi na urefu wa 10. Ili kisalimike kinataka mfupa wa angalau milimita 1 na nusu pande zake zote, yaani ukingo wa milimita 7 hivi. Rudi kwenye kipimo cha Denmark: 5.9 baada ya mwaka mmoja. Na wengi wetu hatuji kuuliza habari za kipandikizi baada ya mwaka mmoja. Tunakuja baada ya kumi.

Shimo lililofunikwa

Mfupa wa taya hujengwa kwa njia kadhaa, lakini karibu zote zina kanuni moja. Weka kitu cha kuushikilia uwazi, kifunike, usikiguse, na uache damu ifanye kazi.

Tumchukue mgonjwa anayehitaji ukingo wa taya uongezwe upana. Daktari anampiga ganzi, anapasua fizi na kuifunua kama ukurasa mpaka mfupa uonekane, mweupe wenye umanjano. Anautoboa kwa kipekecho chembamba vitundu vidogo vidogo hadi utoe damu, kwa sababu mfupa mkavu hauzai mfupa. Juu ya damu hiyo anamwaga chembe zinazofanana na chumvi ya mawe, zilizolowekwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Anazifunika kwa utando mwembamba kama karatasi, anauingiza kingo zake chini ya fizi, kisha anashona fizi bila kuivuta. Mshono ukivutika utaachia, utando utaonekana kinywani, bakteria wataingia na kazi yote itakuwa imeharibika.

Utando ule ndio siri ya kazi nzima. Fizi hukua haraka kuliko mfupa. Ukiliacha shimo wazi, nyama itawahi kulijaza na mfupa utakosa nafasi. Utando unaizuia nyama kwa miezi kadhaa ili mfupa, wenye mwendo wa taratibu, ufike kwanza. Anayetengeneza pombe ya ndizi huku Kagera ataelewa upesi: ndizi huwekwa shimoni, zikafunikwa majani na udongo, na anayefunua kabla ya siku zake anaharibu mwenyewe. Tofauti ni kwamba hapa siku zinahesabiwa kwa miezi, 4 hadi 6, na zaidi kama chumba cha hewa cha taya la juu ndicho kilichoinuliwa.

Chembe zenyewe hutoka sehemu nne. Zilizo bora ni za mgonjwa mwenyewe, zikichotwa kidevuni, nyuma ya gego la mwisho, au kwenye nyonga kama kinachohitajika ni kingi. Zipo za watu waliojitolea miili yao baada ya kufa, zikasafishwa na kuhifadhiwa. Zipo za ng'ombe, zilizochomwa mpaka yakabaki madini matupu. Na zipo zinazotengenezwa kiwandani kwa madini ya chokaa na fosfati. Tando nyingi hutokana na ngozi au nyama laini ya wanyama, wakiwemo nguruwe. Mgonjwa ana haki ya kuuliza zinatoka kwa mnyama gani kabla hajakubali, na daktari asiyejua jibu atafute kwanza. Zipo za ng'ombe na zipo za kutengenezwa, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kugundua baadaye jambo lililokwaza imani yake.

Zaidi ya hayo kuna ubunifu mmoja wa bei nafuu unaoifaa mikoa kama yetu. Mwaka 2001 Joseph Choukroun, daktari wa Ufaransa, alieleza namna ya kuchukua damu kidogo ya mgonjwa, kuizungusha kwenye mashine ya maabara kwa dakika zipatazo 10 bila kuitia dawa yoyote, na kupata donge la manjano lenye utepe wa protini na chembe za kuponyesha. Donge hilo huwekwa kwenye shimo la jino au juu ya chembe za mfupa. Peke yake halijengi taya, ila fizi hupona haraka na vizuri zaidi. Mashine za kuzungusha damu si ngeni katika maabara za hospitali zetu.

Taya linaloondoka lote

Mpaka hapa tunazungumzia milimita. Nchini Tanzania wapo wanaopoteza mfupa kwa sentimita, na hao ndio waliowafundisha madaktari wetu kujenga taya kabla vipandikizi havijawa fasheni.

Mwaka 2005 madaktari wa Muhimbili, Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya miaka minne ya kufuatilia uvimbe unaotokana na tishu za meno hapa nchini. Uliotia fora, kwa mbali kabisa, ulikuwa ameloblastoma. Hii si kansa kwa maana ya kusambaa mwilini, lakini ni mlafi. Huanza kimyakimya ndani ya taya, mara nyingi la chini, upande wa magego, kwa vijana na watu wa makamo. Hauumi. Jino linalegea bila kutoboka, shavu linanenepa kidogo, mtu anaambiwa amerogwa au ana jino bovu. Anang'olewa jino, uvimbe unabaki. Mwaka unapita, miwili, na akifika hospitali ya rufaa uvimbe una ukubwa wa chungwa au zaidi.

Kuukwangua hakutoshi, kwa sababu hurudi. Dawa yake ni kukata kipande cha taya pamoja na mfupa mzima unaouzunguka kwa sentimita moja au mbili. Linalobaki ni taya lenye daraja lililovunjika katikati. Kwanza huungwa kwa bamba la titani lililokunjwa kufuata umbo la taya na kufungwa kwa skrubu. Kisha huletwa mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, ukachongwa, ukakazwa kwenye bamba. Mgonjwa atachechemea wiki kadhaa, lakini taya likishika, lina uwezo wa kubeba meno. Pengo likizidi sentimita 6 hivi, mfupa usio na mishipa yake ya damu hushindwa kuishi, na hapo huhitajika mfupa mwembamba wa mguuni uliotolewa pamoja na mshipa wake na kuungwa na mishipa ya shingo chini ya darubini. Njia hiyo ilielezwa kwa taya na David Hidalgo wa New York mwaka 1989, na inahitaji timu kubwa na saa nyingi za chumba cha upasuaji.

Kujenga taya kwa mfupa wa nyonga si jambo la juzi. Mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipowafukuza Wajerumani kutoka boma la Biharamulo, huko Uingereza Harold Gillies alikuwa ameanza kupokea askari waliosagwa nyuso kwa risasi na makombora. Sehemu kubwa ya upasuaji wa uso na taya tunaoujua leo ilitokana na vita ile, ambayo mapigano yake yalifika hadi huku kwetu.

Kwa mzazi kuna onyo la pekee. Mtoto wa Kanda ya Ziwa anayevimba taya kwa siku au wiki chache, meno yakaanza kucheza, asipelekwe kung'olewa jino. Denis Burkitt, akiwa Kampala, alieleza mwaka 1958 aina ya kansa ya watoto inayoanzia tayani, na ukanda wetu ni mmojawapo wa inakoonekana zaidi. Dawa zake zipo na hupona vizuri ikiwahiwa. Ikikawia haina huruma.

Mapengo ya kujitakia

Sababu nyingine mbili zina uhusiano wa moja kwa moja na maisha ya hapa. Ya kwanza ni barabara. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo, na kutoka Nyakasanza hadi Kabanga, malori na pikipiki hugawana lami moja. Taya la chini ni miongoni mwa mifupa ya uso inayovunjika mara nyingi kwa ajali za pikipiki, na meno hutoka yakiwa yameng'oka na kipande cha ukuta wa mfupa. Kofia ngumu inayofunika uso mzima hulinda taya. Ile ya nusu, inayovaliwa kwa ajili ya trafiki, haina msaada wowote chini ya pua.

Ya pili ni ile imani ya meno ya plastiki, wengine huita meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, fizi yake inapapaswa, panaonekana pamevimba mahali pa chonge, na mganga anapachimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kinachotolewa si plastiki. Ni chipukizi la jino la utoto ambalo bado halijapata ugumu, na kichimbuo kikizama zaidi huharibu hata mbegu ya jino la ukubwani. Jino lisipoota, ukingo wa mfupa wake nao hauoti. Mtoto huyo atakuwa kijana asiyekuwa na chonge wala mfupa wa kupandikizia chonge, kwa ajili ya kuhara kulikohitaji maji ya chumvi na sukari tu.

Dakika ishirini za kiti

Sasa twende kwenye kiti chenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, liliweka idadi ya wenye magonjwa ya kinywa duniani kuwa karibu bilioni 3.5, na Afrika ina madaktari wa meno pungufu ya mmoja kwa kila watu 10,000. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Dar es Salaam mwaka 1979, na mzigo wa vijijini umebebwa zaidi na matabibu wa meno na maafisa tabibu. Shirika la Bridge2Aid la Uingereza lilipoingia Kanda ya Ziwa kupitia Mwanza, lilichagua kazi hiyo hasa: kuwafundisha watumishi wa zahanati kung'oa jino kwa usalama ili mtu asitembee siku nzima na jipu. Ilikuwa kazi ya maana, kwani usaha wa jino unaweza kuua.

Lakini kung'oa kuna namna mbili. Ipo ya kuvuta mpaka litoke. Koleo linashika kichwa cha gego, mkono unayumbisha kwa nguvu nje ndani, ukuta mwembamba wa nje unapasuka, gego linatoka na kipande cha mfupa kimenata kwenye mzizi. Mgonjwa anashukuru, foleni inasogea. Kipande kile kilichotupwa kwenye ndoo ndicho ambacho miaka kumi baadaye kitanunuliwa kwa chupa Dar es Salaam.

Namna ya pili haihitaji mashine ya ajabu. Ganzi inaachwa ikolee. Fizi inaachanishwa na jino kuzunguka pande zote. Chombo chembamba kinaingizwa kati ya mzizi na mfupa, kinasukumwa taratibu na kushikiliwa, sekunde kumi hapa, sekunde kumi pale, mpaka nyuzi zinazoshika mzizi zikatike. Gego lenye mizizi iliyotanuka linakatwa katikati na kutolewa mzizi mmoja mmoja, badala ya kulazimisha yote ipite mlango mmoja. Shimo linakwanguliwa usaha na kuachwa lijae damu. Kuta zake hazibanwi sana kwa vidole, kama ilivyokuwa desturi zamani, isipokuwa kama mfupa umefunguka. Inachukua dakika ishirini badala ya tano. Dakika hizo kumi na tano ndizo nafuu kuliko upandikizaji wowote wa mfupa.

Zamu inayofuata ni ya mgonjwa. Damu iliyoganda shimoni ndiyo mbegu ya mfupa. Ng'ata pamba kwa nusu saa. Siku ile usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, usivute sigara wala kiko, usinywe pombe. Kesho yake ndipo maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Damu hiyo iliyoganda ikitoka shimoni mapema, mfupa unabaki uchi, maumivu yanarudi makali siku ya tatu, na kupona kunachelewa. Mvutaji na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wana hatari zaidi, na ndio haohao ambao upandikizaji wa mfupa huwashinda baadaye.

Na kabla ya yote, lipo swali la kama jino lilistahili kung'olewa. Hapa Tanzania ina historia ya kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa akifundisha chuo cha meno Dar es Salaam, alianzisha mbinu ya kusafisha jino lililotoboka kwa vyombo vya mkono tu, bila umeme wala maji ya bomba, na kuliziba kwa simenti, ambayo baadaye ikawa ile inayotoa floraidi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa dunia nzima, na mwaka 2021 simenti hiyo iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu za shirika hilo. Mbinu iliyozaliwa kwa ajili ya mahali pasipo na umeme haina sababu ya kuwa ngeni Biharamulo.

Ukishachelewa

Kwa aliyekwisha kupoteza mfupa, habari si mbaya kiasi hicho. Asiye na jino hata moja chini hahitaji kujengewa taya lote. Sehemu ya mbele, kidevuni, huhifadhi mfupa kwa muda mrefu kuliko nyuma, na mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza vipandikizi viwili tu vya mbele vya kuyashikiza meno ya bandia yasicheze, kuwa ndilo chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Vipo pia vipandikizi vifupi vya milimita 6, na vya kulazwa mshazari ili kukwepa chumba cha hewa. Mara nyingine jibu sahihi ni meno ya bandia ya kuvua yaliyotengenezwa vizuri, na daktari mwaminifu atalisema hilo hata kama lina faida ndogo kwake.

Anayeamua kujenga mfupa ajue hesabu ya njiani. Safari ya kwanza ni ya picha, ikiwezekana ile ya pande tatu inayopima upana na sio urefu peke yake. Ya pili ni ya kupandikiza mfupa. Ya tatu ni ya kutoa nyuzi na kukagua. Baada ya miezi 4 hadi 9 inakuja ya kufunga skrubu, na miezi 3 hadi 6 mingine kabla ya jino kuvikwa. Ni takriban mwaka mzima, gharama inafika mamilioni ya shilingi, na nauli iko juu yake. Hospitali ya Bugando kule Mwanza imekuwa karibu zaidi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Chato, wilaya iliyomegwa kutoka Biharamulo. Kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam, ni busara kuanzia huko kwa uchunguzi na picha.

Maswali ya kubeba ni machache. Mfupa wangu una upana na urefu gani, kwa milimita? Ipo njia isiyohitaji kuongeza mfupa? Chembe na utando vinatoka wapi? Likishindikana nitarudishiwa nini? Baada ya miaka mitano, skrubu ya aina hii ikilegea, nani ataweza kuikaza nikiwa Ngara? Swali la mwisho husahauliwa na wengi. Kila kiwanda kina ufunguo wake, na kipandikizi kisichokuwa na kadi ya jina na namba ni fumbo kwa daktari wa pili.

Swali kwa diwani

Halmashauri za Ngara na Biharamulo, kama nyingine zote, hupanga kila mwaka mpango kabambe wa afya, na madiwani huupitisha. Kinywa mara nyingi hupewa mistari michache, na pesa huishia kwenye ganzi na koleo. Hakuna anayetarajia kliniki ya vipandikizi ijengwe Rulenge mwaka kesho. Kinachowezekana mwaka kesho ni simenti ya kuziba isiyokwisha katikati ya robo mwaka, mashine ndogo ya eksirei ya meno inayofanya kazi, vyombo vyembamba vya kulegezea jino vilivyonolewa, na tabibu wa meno asiyelazimishwa kumaliza wagonjwa arobaini kwa asubuhi moja.

Kipo kipimo kimoja kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya jamii, na hakihitaji shahada kukielewa. Diwani yeyote anaweza kukiomba kwenye kikao: mwaka jana, katika wilaya yetu, tuling'oa meno mangapi, na tuliziba mangapi? Kama yaliyong'olewa ni mengi mara kumi au ishirini kuliko yaliyozibwa, basi tunaendesha huduma inayowatayarishia wananchi wetu foleni ya kununua mfupa, na wengi wao hawatakuwa na pesa ya kuununua. Mwaka unaofuata aulize tena, aone kama namba ya pili imepanda.